Mwalimu Aliyewapenda Machifu

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba Mwalimu ni mtu mwema, na anayeniambia hunitazama usoni akingoja nikubali. Sikubali. Watu wa Ibra, mji wetu huku Oman, wanamsifu kwa elimu yake, kwa Kiswahili chake cha mjini Unguja, kwa sabla yake ambayo mlango wake haufungwi, na yote hayo ni kweli. Mimi namchukia, na nimemchukia muda mrefu hata nimemjua kuliko wanaompenda.

Kwa sura hana kasoro. Mrefu, mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe, kofia imekaa sawasawa bila ya kuisogeza. Bakora yake ni ya mtobwe, nyembamba, na hakuwa akiitegemea wakati ule. Alikuwa akizungumza nayo. Akitaka kusisitiza neno huigonga chini. Vijana wetu waliozaliwa hapa wana Kiswahili cha kuokota, na mmoja akisema "kitabu yangu" bakora hugonga, na Mwalimu husema "changu" kwa upole wa kukera, kisha hungoja mpaka kijana arudie. Hata akiwa ameleta habari ya msiba, atarudia kwanza. Niliwahi kumwona akimsahihisha mtu aliyekuja kumwambia kwamba bomba la maji limepasuka na uwani kwake kumejaa maji. Maji yalingoja sentensi imalizike.

Na machifu. Huwezi kumweleza Mwalimu bila ya kuwataja machifu wa Watswana. Alipotoka Unguja baada ya mapinduzi hakuja huku moja kwa moja kama wengine. Alishuka kusini mpaka Botswana, nchi yao ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru na inatafuta walimu, akasomesha historia huko miaka kadhaa. Jumamosi alikuwa akienda kukaa na wazee wao, akiwauliza habari za wakati wa Waingereza. Kisha Oman ikafunguka, wasomi wakaitwa warudi, naye akaja Ibra na masanduku ya nguo na kichwa kilichojaa machifu. Nguo zilikwisha zamani. Machifu wapo mpaka leo.

Kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri aliwasimulia wanaume sablani kwake. Sabla, kwa asiyeijua, ni ukumbi wa wanaume wa ukoo: chumba kirefu, mazulia, mito imeegemezwa ukutani, tende, haluwa, kahawa. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni, dirisha likiwa wazi, na kwa hiyo nimeyasikia yote. Nimemsikia akieleza jinsi machifu watatu walivyopanda meli kwenda kumwona Malkia wa Waingereza, kumwomba asiwatie mikononi mwa kampuni ya wafanyabiashara, na jinsi walivyorudi na nchi yao, isipokuwa ukanda wa kupitishia reli. Nimesikia habari ya chifu aliyepiga marufuku pombe akavunja mitungi ya watu, na za machifu walioita rika zima la vijana kujenga skuli bila ya malipo. "Bila ya malipo!" Mwalimu alikuwa akisema, kama kwamba hiyo ndiyo raha yake.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa chifu mmoja aliyeshika utawala kwa niaba ya mtoto wa nduguye. Chifu huyo alimhukumu kijana wa Kizungu kupigwa viboko kwa ujeuri wake mjini. Waingereza wakaona haiwezekani Mzungu apigwe na mtu mweusi, wakaleta askari wa majini na mizinga kuja kumwondoa. Mizinga ikazama mchangani, na watu wa chifu wenyewe wakaitwa kuisukuma. Hapo sabla nzima hucheka, na Mwalimu hucheka mpaka kofia inaregea. "Wanakuja kumwondoa," atasema, "na bila ya watu wake hawafiki!"

Lakini hadithi aliyoisimulia akiwa amesimama ni ile ya mtoto wa ndugu. Kijana huyo, mrithi hasa wa kiti, alikwenda kusoma Uingereza, akarudi ameoa mwanamke wa Kizungu. Ami yake, yule yule shujaa wa mizinga, akaikataa ndoa. Watu wakakusanywa kwenye kgotla, na Mwalimu hapo hukatiza hadithi kueleza kwamba kgotla ni sabla yao, ila haina paa. Wakazungumza siku nyingi. Mwisho kijana akainuka akawauliza watu wake: nani ananikubali mimi na mke wangu, na asimame. "Wakasimama," husema Mwalimu, na bakora anainyanyua juu. "Maelfu. Wazee kwa vijana. Ami yake akabaki amekaa na wachache. Mtu mkubwa yule, wallahi, lakini siku ile alikosea."

Siku ile alikosea. Kwa kinywa chake mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Sasa niseme jambo ambalo hapa kwetu halisemwi. Babu yake mume wangu alikuwa mtumwa wa babu yake Mwalimu huko Unguja. Jina la kabila tunaloandikwa nalo ni lao. Tulitiwa kama mbuzi anavyotiwa alama sikioni. Utumwa ulikwisha, watu wakasoma, wakapata kazi za serikali na nyumba za matofali, na mume wangu akafika kuwa msimamizi wa maji, ana watu chini yake na gari la kazi. Mwalimu hakuwahi hata siku moja kumtukana. Alikuwa akimwita "mtoto wetu", na sisi sote "watu wetu". Mgeni akiuliza, "Hawa nani?" Mwalimu hujibu kwa mapenzi makubwa, "Hawa watu wetu." Nikiwa kijana nililiona neno zuri. Ilinichukua muda kuona kwamba sisi hatukuweza kumwita yeye mtu wetu.

Na kulikuwa na dele, birika la kahawa. Anayemimina kahawa sablani hushika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, humpa mkubwa kwanza, kisha huzunguka, na hakai mpaka kila mtu atikise finjani yake kuonyesha ametosheka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watumwa. Siku hizi hufanywa na kijana yeyote wa nyumba, au Mhindi wa kuajiriwa. Sablani kwa Mwalimu, mume wangu akiingia tu, aliyekuwa na dele alikuwa akimpa yeye. Hakuna aliyeamrisha. Mwenye dele huinuka, mume wangu huipokea, na mazungumzo huendelea. Amemimina hivyo tangu ujanani mpaka ndevu zikaingia mvi, huku akimsikiliza Mwalimu akieleza heshima waliyokuwa nayo watu mbele ya machifu wao.

Nilimwuliza siku moja kwa nini hakatai.

"Ni kahawa tu, mke wangu," aliniambia. "Na Mwalimu amenisomesha."

Kweli amemsomesha. Haya ndiyo yanayonichosha kwa mtu huyu. Angekuwa mbaya mtupu ningeshamsahau. Alimfundisha mume wangu kuandika barua za kazi. Alinifundisha mimi na wanawake wengine Kiingereza, jioni, bure, na aliyechelewa alimfundisha peke yake. Mwanangu Nassor alimkalisha kwenye zulia la sabla akamsomesha hesabu mwaka mzima mpaka akapata nafasi ya chuo. Nassor alipofaulu, Mwalimu alilia machozi. Nilimpelekea mkate wa kumimina, na tangu siku hiyo nikawa nampelekea kila Ijumaa, kwa sababu alisema mkate wangu unamrudisha Unguja.

Lakini vile vile nakumbuka siku alipokuja mgeni wake kutoka Maskati, msomi mwenzake. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Mgeni akamwuliza, hao machifu wa Watswana waliishi kwa kitu gani, nani alichunga ng'ombe wote hao? Mwalimu akajibu kwamba kulikuwa na watu wa porini, wanarithiwa baba kwa mwana, wanachunga na kuwinda kwa ajili ya bwana wao, na hawana ruhusa ya kumhama. Waingereza walijua wakanyamaza, maana walikuwa wanawahitaji machifu kuwakusanyia kodi. Ni habari ambayo hakuwahi kuisimulia Ijumaa. Kisha akashusha sauti, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Waliozaliwa nyumbani," alisema. "Kama hawa wetu."

Na mume wangu alikuwa amesimama mbele yao na dele mkononi. Nilisikia kahawa ikimiminwa. Usiku wala hakunitajia. Mimi ndiye niliyeiweka moyoni.

Mwalimu ana mjukuu, Zuwena, binti wa mwanawe aliyefariki. Amemlea yeye tangu mdogo, na yeye ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Ukitaka kujua Mwalimu anaweza kupenda kiasi gani, mtazame akimtazama Zuwena. Alimwachia asome alichotaka, akawa nesi hospitali ya hapa Ibra, na jamaa waliposema msichana hafanyi kazi zamu za usiku, Mwalimu aliwagongea bakora wakanyamaza. Zuwena na Nassor walijuana tangu wakisoma kwenye zulia lile lile. Nassor alipopata kazi ya umeme mitamboni, mjini Sur, aliniambia kwamba anamtaka Zuwena, na Zuwena naye kwa njia zake akanijulisha kwamba anajua na ameridhika.

Nilifurahi, na niliogopa. Hapa kwetu mtu huangalia asili. Binti wa kabila kuolewa na mtoto wa watu kama sisi, ndugu zake hukimbilia mahakamani kuizuia, na wamewahi kushinda. Lakini nilijiambia, huyu si mtu wa kawaida, huyu ni Mwalimu. Huyu ndiye anayesimama Ijumaa akanyanyua bakora kwa ajili ya ndoa ya kijana wa Botswana. Akikubali yeye, nani wa kumpinga?

Posa ina desturi yake. Mwenye haja nzito akiingia sabla na kupewa finjani, haiinywi. Huiweka chini mbele yake, na watu wote hunyamaza. Mwenye nyumba humwuliza ana haja gani. Akiikubali humwambia: kunywa, haja yako imekubaliwa. Akiikataa, mgeni hutoka na finjani imebaki imejaa, na aibu hiyo ni ya mwenye nyumba, itazungumzwa mji mzima. Na mtu akishainywa kahawa kabla ya kusema, basi amekuja kusalimia tu. Haja yake ameifunga mwenyewe. Mume wangu hakuhitaji kuelezwa haya. Ni yeye aliyekuwa na dele kila mara mtu alipoweka finjani chini katika sabla ile.

Akaenda, yeye na nduguze wawili na imamu wa msikiti wetu. Mimi nilibaki nyumbani na haluwa imeshafunguliwa. Yaliyotokea nimeyapata kwa imamu, kwa sababu mume wangu hajapata kuyasimulia.

Walipoingia, Mwalimu alikuwa na jamaa zake wamejaa. Alijua wamejia nini; mji mzima ulijua. Kijana aliyekuwa na dele akainuka kumpa mume wangu, kama ada. Mwalimu akamzuia.

"Leo humimini," alimwambia mume wangu. "Leo wewe mgeni wangu."

Akaichukua dele yeye mwenyewe. Mzee yule, mwalimu wetu sote, akamimina kwa mkono wake, akampa mume wangu finjani, akabaki amesimama mbele yake na dele, kama anavyosimama mwenye kumimina, akingoja. Imamu aliniambia aliona machozi yanamlengalenga mume wangu. Tangu azaliwe hajamiminiwa kahawa katika chumba kile. Baba yake alikufa hajamiminiwa. Na sisi watu wa Unguja tumefundishwa kwamba mkubwa akikupa kitu kwa mkono wake unapokea na unakula mbele yake, na kumwacha mzee amesimama ukamwekea chombo chini ni ufedhuli usiosahauliwa.

Akainywa.

Mwalimu akaipokea finjani tupu, akakaa, akaweka bakora magotini. "Karibuni sana," alisema. "Mmenifurahisha kuja kunisalimia."

Mume wangu akaanza, "Mwalimu, sisi tuna…"

"Umeshakunywa, mwanangu," Mwalimu alimkata, kwa ule upole wake. Kisha akawageukia jamaa zake na kuanza hadithi ya mizinga iliyozama mchangani. Wakacheka pale pale wanapochekea siku zote. Imamu aliwatoa kina mume wangu kabla haijesha.

Nilikutana na Mwalimu baada ya siku chache, njiani kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, akitoka kutazama mitende yake. Sikumwamkia. Nilimwuliza kwa nini amemfanyia mtu wake vile.

"Nimemfanya nini? Nimemmiminia kahawa kwa mkono wangu," alisema. "Nani mwengine nimewahi kummiminia?"

"Umemkataa mwanangu."

"Sijamkataa mtu, Mama Nassor. Kuna aliyeniomba?"

Na akaenda zake, kanzu haina hata tone la tope. Hilo ndilo linalonifanya nimchukie. Angesema hapana, tungelia tukamaliza. Angesema, nyinyi si kufu yetu, angalau angebeba uzito wa neno lake. Alichagua kumpa mume wangu heshima aliyomnyima maisha yake yote, na kwa heshima hiyo hiyo akamfunga mdomo. Akabaki msafi, na kijana wetu hakukataliwa na mtu.

Mji ulicheka. Jumatano soko letu la wanawake linajaa tangu asubuhi, nami nauza bukhuri na achari pale, na nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Huyu mumewe ndiye aliyemnywa mkwewe." Nilimfungia bukhuri yake nikampa, kisha nikaingia garini nikalia. Mume wangu hakwenda sabla tena, ya Mwalimu wala ya mtu mwengine. Kahawa haiingii nyumbani kwetu. Anakunywa chai ya maziwa, na ugenini husema tumbo linamuuma. Nilimsihi arudi akaombe upya.

"Sirudi kuomba mahali nilipokunywa," alinijibu.

Nassor yuko Sur, hajaoa. Zuwena wamemjia wachumba, wa kabila zao, wenye magari, na wote amewarudisha. Angeweza kwenda kwa kadhi kumshtaki walii wake, wako wasichana waliofanya hivyo, lakini alisema hatamsimamisha mahakamani babu aliyemlea. Kwa hiyo wote wakangoja, na miaka ikapita, na mkate wa kumimina nikaacha kuupika.

Mwaka jana Mwalimu alianguka, nyonga ikavunjika. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kitanda chake wamekihamishia sablani kwa sababu hakuna ngazi. Wale waliokuwa wakicheka hadithi ya mizinga wengi wamekufa, na vijana wakija wanashughulika na simu zao. Majuzi Zuwena alinipigia.

"Bi mkubwa, shikamoo. Babu ameacha kula. Anataja mkate wako."

Nilitaka kumwambia na afe nao njaa. Nikapika, kwa ajili ya Zuwena, na Jumatano baada ya soko nikaupeleka.

Nilikuwa sijapata kuingia sabla ile kwa mlango wa mbele. Niliingia. Alikuwa karibu na dirisha la jikoni, blanketi magotini, kanzu imepigwa pasi, bakora imeegemezwa kwenye gurudumu. Amekuwa mdogo. Nilimwamkia kwa ajili ya umri wake, akaitikia, akala kipande cha mkate, akafumba macho.

"Unguja," alisema.

Nilikaa kwenye zulia. Zuwena, amevaa nguo zake za hospitali kwa sababu alikuwa ametoka zamu, akaleta dele na finjani, akammiminia babu yake, akanimiminia mimi. Nilipokea kwa mkono wa kulia. Sikuwa nimekusudia kitu, wallahi, nilikwenda kupeleka mkate. Lakini finjani ilipokuwa mkononi nilimwona mume wangu na chai yake ya maziwa. Nikaiweka chini, mbele yangu.

Mwalimu aliitazama. Aliitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kunywa, Mama Nassor. Itapoa."

"Nina haja," nilisema.

Mwanamke haweki finjani chini sablani. Haijapata kuonekana. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Badala yake akageukia dirishani akaanza kusimulia, kwa sauti nyembamba, habari ya kijana aliyerudi kutoka Uingereza na mke wa Kizungu. Nilimwachia. Alisimulia vizuri kama zamani, siku za mashauri, ami aliyekataa, kijana aliyeinuka. Akafika pale pa kunyanyua bakora, mkono ukaitafuta, haukuifikia.

"Wakasimama," alisema. "Maelfu."

"Na wale wa porini, Mwalimu? Waliochunga ng'ombe wake, waliozaliwa nyumbani. Wao walisimama?"

Alinitazama kwa mshangao. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba dirisha lile huwa wazi.

"Walikuwa mbali, na mifugo," alisema.

"Waliitwa?"

Ana maovu yake, lakini katika historia hajapata kusema uwongo.

"Hawakuitwa," alijibu.

Zuwena alikuwa bado amesimama kati yetu, dele mkono wa kushoto. Babu yake akamwonyesha zulia. "Kaa, mjukuu wangu. Umesimama siku nzima hospitali."

"Sikai, Babu."

"Kaa, mwanangu."

"Si unasema mwenye kukubali asimame?" Zuwena alimwambia. Miguu yake haikusogea. "Nimekisikia kisa hiki tangu mdogo. Mimi nimesimama. Wewe umekaa na nani?"

Mwalimu alizungusha macho katika chumba. Mito ilikuwa imepangwa ukutani, na hapakuwa na mtu juu yake. Nje kulikuwa na gari linapiga honi sokoni. Alikunja blanketi, akalikunjua, na mimi sikumwonea huruma. Nilikaa na finjani yangu nikangoja, kama mume wangu alivyongoja wageni wa Mwalimu watikise finjani, Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Mpigie simu mumeo," alisema hatimaye, bila ya kunitazama. "Mwambie aje na nduguze na imamu. Na nitawaita watu wangu wote waje, wajae humu." Akavuta pumzi. "Mwambie nitamimina mimi tena. Na safari hii nikimpa, aiweke chini."

Zuwena akaikalisha dele kwenye sinia, akatoka mbio mpaka jikoni, na nikamsikia analia huko. Mimi nikainyanyua finjani yangu. Kahawa ilikuwa imepoa na imekuwa chungu. Nikainywa yote, nikaitikisa, nikampigia mume wangu simu pale pale mbele yake, wala sikumwambia Mwalimu ahsante.